Mizani ya Manda

Siku ya pili ya Januari hulala na viatu.
Kabla ya alfajiri nishavuka, nishaipangusa mizani vumbi,
nairudisha sindano kwenye sifuri, nayo haitaki,
hupenda kuegemea gramu mia mbili, kama mtu mwenye neno.
Mie Lali. Mashairi siyajui, vina hunitoroka,
ila mizani ndiyo kazi yangu: kilo kumi na tano kila kichwa,
na mfuko uwe laini,
maana ndege zetu matumbo madogo.

Wanakuja. Boti zinawamwaga gatini kumi kumi,
mikokoteni mbele na virago, wao nyuma na jasho,
likizo yote imewatoka njiani,
na kila mmoja ananiuliza mimi
kana kwamba ndege nimeificha chini ya meza.

Bwana Nyakundi alikuja na mke, watoto watatu
na simu mbili, zote zinaita.
"Ndege iko wapi?"
"Wilson kuna mvua."
"Mpaka saa ngapi?"
Nikamwambia mvua haikuniachia ratiba.
Akazunguka. Akahesabu vitambulisho, akahesabu watoto,
akafungua begi, akalifunga, akasahau alichokitafuta.
Moraa, kitindamimba, kakaa sakafuni anafuata sisimizi kwa kidole.
Yeye tu ndiye aliyekuwa bado likizoni.

Ndipo akaingia Bi Mwanamkuu wa Mkomani,
buibui, kipepeo mkononi, na mkoba uliovimba.
Kilo kumi na tisa na nusu.
"Bi Mwanamkuu, humu mna nini?"
"Achari, mwanangu. Halua. Bizari nimesaga mwenyewe. Na mbuzi."

Foleni ikanyamaza.
Bwana Nyakundi akashusha simu sikioni.
"Mbuzi? Ndani ya ndege? Yuko hai?"
"Hai sijui. Meno anayo."

Tukamfungua mbele ya wote:
kibao cha kukunia nazi, kimeviringishwa leso,
ulimi wake wa chuma umevishwa soksi ya mtoto.
"Binti yangu kajifungua huko Nairobi," akasema,
"ana mashine ya umeme. Tui lake halina adabu."

Alianza mke kucheka. Kisha watoto.
Kisha Bwana Nyakundi, akacheka mpaka akaishika meza,
na sindano yangu ikatetemeka bila mzigo.
"Mfuko wa Moraa una kilo nane," akasema. "Lete huyo mbuzi."
Mzigo wa usiyemjua haubebwi, sheria naijua,
lakini huyu tulishamwona hadi meno;
nikaandika majina yote mawili, nikamlaza tumboni mwa ndege.

Saa moja na dakika arobaini walingoja.
Simu zilikufa chaji, hapana aliyezililia.
Bi Mwanamkuu akampa Moraa kipande cha kashata:
"Hiki si cha sasa. Masikio yakiziba kule juu, ndipo utafune."
Mtoto akakifumbata kama tiketi.

Watu huniuliza mbinu. Nyingi sina.
Dawa zako ziwe mkononi.
Vuka kabla maji hayajakupwa, gati ikabaki juu na wewe chini.
Kunywa maji, sio soda tatu.
Na hasira usiifungashe, haina mpini,
sina pa kuifungia lebo.

Ndege ikashuka, ikabeba, ikapaa.
Mezani imebaki chupa ya achari:
mbuzi alipotoka bado mkoba ulizidi,
chupa ikaachwa, na nusu kilo ya mwisho nikaifumbia macho.
"Kula wewe," alisema, "lakini chupa nataka."
Nikaipima, mazoea tu.
Kilo moja na gramu mia mbili.
Mia mbili ni za sindano, tushajuana.

Nafungua kifuniko. Ndimu, pilipili,
kidole cha kwanza hakijafika mdomoni,
na huko gatini mtu anakuja mbio, kofia mkononi,
"Ndege imeondoka?"
"Ipi?" nasema. "Kaa kwanza. Onja."